Namba Saba ya Thelathini

Tume ya Kuthamini Kazi za Sanaa imetangaza, kwa barua yenye mihuri miwili, mmoja wa mviringo na mwingine wa pembe nne, kwamba chapa ya sanaa iliyotiwa sahihi na kupewa namba kwa mkono wa msanii ni kitu kimoja tu chini ya jua. Kwamba thamani yake haipimwi kwa matumizi, wala kwa ukubwa, wala kwa wingi wa rangi, bali kwa uchache. Na kwamba, kwa sababu hizo, kitu kinachofanana na kingine hakistahili kuitwa mali.

Barua hiyo ilisomwa katika ukumbi mmoja wa Butembo, mashariki mwa Kongo, mwaka 2018, siku ya kufungua maonyesho, mbele ya viti mia mbili na watu thelathini na wanne. Kumi na mmoja kati yao walikuwa wanakwaya waliokuwa wakingoja zamu yao ya kufanya mazoezi humo. Wengine walikuwa wamesikia kwamba kutakuwa na soda. Aliyesikiliza mpaka mwisho, akaomba na nakala, alikuwa Ananie Kasika.

Ananie alikuwa déclarant, yaani yule mtu anayejaza karatasi za forodha kwa niaba ya wafanyabiashara. Kwa miaka ishirini na sita aliandika thamani ya matairi, ya mafuta ya kupikia, ya vitenge na ya jenereta, bila kugusa hata kimoja. Kazi ya namna hiyo humfundisha mtu kwamba kitu hakipo mpaka kiandikwe, na kikishaandikwa hakuna haja tena ya kukitazama. Siku hiyo ya maonyesho alinunua chapa moja kwa dola themanini. Barua ya Tume akaipeleka kufunikwa na plastiki. Vyote viwili vikatundikwa sebuleni, barua ikiwa juu kidogo.

Chapa yenyewe ilikuwa kazi ya Katungu Ornella wa Beni, mwanamke mwenye karakana ya serigrafi. Serigrafi ni kupitisha rangi kwenye kitambaa cha hariri kilichokazwa juu ya kadri, yaani fremu, ya mbao. Ndivyo zinavyochapwa fulana za kilio zenye sura ya marehemu, na fulana hizo ndizo zilizokuwa zikimlisha Katungu. Mwaka huo kulikuwa na mafunzo, na mafunzo yalikuwa na msaada, na msaada ulitaka sanaa isiyo na mfano wa kitu chochote. Katungu akachapa doa jeusi, doa la rangi ya haradali, na mstari mwekundu uliopinda kama uliosukumwa na mtu. Akachapa nakala thelathini, akaziandika namba kwa penseli, akaipa kazi hiyo jina la Utulivu wa Tatu. Utulivu wa kwanza na wa pili haukuwahi kuwepo. Ananie alipata namba saba.

Wageni wake waliitazama kwa heshima ile ile ya kumtazama mgonjwa. Mmoja alisema ni ramani ya parcelle, yaani kiwanja, chenye mgogoro. Mwingine, muuguzi, akaisogelea, akauliza ni pafu la nani. Ananie aliwasamehe kwa sauti ya juu. Kwake, mtu aliyeuliza picha ina maana gani alikuwa ameshajieleza yeye mwenyewe, na hakukuwa na sababu ya kumwongezea chai.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya mbao, kama nyumba nyingi za Butembo, na mbao zake zilikuwa zimefikia umri wa kupitisha upepo na maneno ya majirani. Mke wake, Bénite, alilima maharagi kijijini Vuhovi, na kwa miaka kumi na mitano alikuwa akingoja nyumba ya matofali ya kuchoma. Ananie alipolipwa pesa za mwisho wa kazi, Bénite aliita fundi mwashi aje kupima kiwanja. Fundi alikuja na kamba yake Jumanne. Jumatatu Ananie alikuwa amekwisha kununua chapa nyingine kumi, za wasanii wengine.

"Ananie, nyumba," alisema Bénite.

"Nyumba iko pale ku ukuta. Hauione?"

"Minaona kartasi."

"Ile kartasi iko na matofali ndani. Ngoja tu."

"Na mvua nayo inangoja?"

Ananie alikuwa ameahidi mbele ya mashemeji, naye Bénite hakuacha kumkumbusha: siku namba saba itakapouzwa, siku ya pili yake matofali yataletwa. Kwa hiyo Bénite, ambaye hakuwahi kuipenda ile picha hata dakika moja, akawa mtu wa pekee Butembo aliyeipangusa vumbi kila asubuhi.

Kwa kuwa, kwa mujibu wa barua, thamani ni uchache, Ananie aliona ni wajibu wake kuufuatilia uchache huo. Alinunua daftari la kurasa tisini na sita, akaorodhesha nakala zote thelathini na wenyewe. Nakala ikifa, aliipigia mstari kwa rula. Namba nne ililiwa na mchwa Vuhovi. Namba kumi na mbili ililowa. Namba ishirini na sita ilikuwa ya mwalimu ambaye mtoto wake alichora magurudumu chini ya doa jeusi. Ananie alitafakari juma zima, kisha akapiga mstari. Alikuwa mtu mwenye huzuni ya kawaida, lakini siku za mistari alikuwa akila vizuri.

Nyumba ya familia moja ya Beni ilipochomwa moto, na babu yao akafia humo, Ananie alisafiri kwenda kilioni. Alikaa kwenye benchi pamoja na wanaume wengine, akaimba nyimbo zote za kitabu walizotajiwa, akaweka mchango wake kwenye sahani. Kisha akamsogelea mwenye kilio.

"Papa, pole sana. Ni Mungu."

"Asante, Papa Ananie. Umetoka mbali."

"Na ile picha? Namba kumi na tisa?"

Mwenye kilio alimtazama. "Iliungua."

"Yote?"

"Yote, Papa."

"Wasingya," alisema Ananie, neno ambalo kwa Kinande ni asante, akarudi kukaa.

Kufikia mwaka jana, daftari lilikuwa limebakiza namba sita zilizo hai. Hapo ndipo Ananie alipomwandikia Maître Eliezer, mwanasheria wa Kinshasa anayekusanya chapa za namna hiyo na kuziweka, kama alivyoeleza mwenyewe, katika droo, kwa sababu mwanga huziharibu. Maître alitazama picha zilizotumwa kwa simu. Zile kumi nyingine alisema ni nzuri, na hakuzitaja tena. Kwa namba saba alitoa dola elfu nne, kwa masharti mawili: aione kwa macho yake, na iwe imetiwa kadri nzuri, yenye kioo kinachozuia jua. Angetua uwanja wa ndege wa Mavivi mwezi wa sita, alale Beni usiku mmoja, arudi.

Bénite alimwita tena fundi mwashi. Safari hii fundi alikuja bila kamba, kwanza aone.

Kulikuwa na mafundi wa kadri Butembo. Ananie aliwajua, na alivyowajua ndivyo alivyowadharau. Alisema wangeweka kioo cha dirisha na kukipigilia misumari ya jeneza. Kazi hiyo, kwa maoni yake, ilihitaji nchi yenye utaratibu. Na kwa bahati, kaka mdogo wa Bénite, Sadrack Syauswa, alikuwa anaondoka kwenda Guangzhou, Uchina, kufuata makufuli na sufuria.

Sadrack aliacha shule mwaka wa nne wa sekondari na alikuwa na duka Butembo, duka Beni, na bohari. Ananie alimwita "ule mutu wa makufuli", hata mbele yake, hata akiwa amekalia kiti alichopewa na Sadrack. Siku ya kumkabidhi picha alimwekea mezani, juu ya shuka.

"Hapana kuigusa na vidole. Hapana kuikunja. Hapana kuiacha ku jua."

"Shemeji, minabebaka vioo vya magari. Kartasi ndiyo itanishinda?" Sadrack aliinama, akaitazama kwa muda. "Na hii banauzaka ngapi?"

"Elfu ine."

"Franka?"

"Dola."

Sadrack aliketi. "Na ziko ngapi?"

"Balichapa thelathini. Sasa ziko sita."

"Juu ya nini hawakuchapa zingine? Kartasi iliisha?"

Ananie alicheka kile kicheko alichokuwa akiwawekea makarani wapya. Akaitoa barua ya Tume ukutani, akamsomea yote, mpaka kwenye mihuri. Sadrack alisikiliza kwa adabu, mikono juu ya magoti, kama mtu anavyomsikiliza shemeji. Katika yote yaliyosomwa alichukua mambo mawili: kwamba watu wanakitaka kitu hiki, na kwamba hakipatikani. Mji mzima wa Butembo umejengwa na watu waliosikia mambo hayo mawili wakakata tiketi ya ndege.

Baada ya wiki sita Sadrack alirudi na namba saba mikononi, ndani ya kadri nyeusi nyembamba na kioo kisichorudisha sura. Hata Ananie alikosa la kulaumu. Alimshukuru kwa maneno machache, akamwambia kwamba huo ndio ustaarabu. Mzigo uliobaki ulikuwa unakuja kwa bahari, na Sadrack hakuuzungumzia, kwa sababu mfanyabiashara mwenye akili hazungumzii mzigo ulio majini.

Siku ya Maître ilikuwa Alhamisi. Ananie alivaa koti la harusi za watu wengine, akaifunga namba saba katika blanketi, akakodi gari peke yake kwenda Beni ili asikaliwe na mtu. Bénite alisimama mlangoni.

"Ukitoka kule, unipigie."

"Nitakupigia na kichwa baridi," alisema Ananie. "Wee anza kufikiri rangi ya milango."

Kwenye barieri ya pili, kile kizuizi cha barabarani, walisimama nyuma ya pikipiki. Mwendeshaji wake alikuwa amefunga kwa mipira, mgongoni mwa kiti, kadri sita nyeusi nyembamba. Ya nje ilikuwa imewageukia. Doa jeusi, doa la haradali, mstari mwekundu.

Ananie alishuka garini. Dereva baadaye alisema alidhani mzee anakwenda kukojoa.

"Kijana, hii umetoa wapi?"

"Kwa Sadrack, Papa. Dola tano na kioo yake juu. Ukikamata tano, anatoa ya sita bure." Alimtazama koti. "Unataka? Hizi ziko za restaurant, lakini kule bado ziko mingi."

Ananie aliomba aangalie. Kijana alilegeza mpira. Kwenye kona ya chini, kwa penseli, iliandikwa 7/30. Ya pili nayo 7/30. Zote sita zilikuwa namba saba ya thelathini, na zote zilikuwa na sahihi ya Katungu yenye mkia ule ule. Hapo Ananie alijifariji na jambo moja ambalo hakuwahi kumwambia mtu: namba saba ya kweli, kwenye kona ya juu kushoto, ina alama ndogo ya kutu iliyoachwa na kibano. Akainua kichwa kutazama kona ya juu. Kutu ilikuwepo. Kiwanda kilikuwa kimefanya kazi ya uaminifu.

Alimpigia Sadrack hapo hapo, kando ya barabara.

"Shemeji," alisema Sadrack kwa furaha, "ulikuwa na haki. Batu banaipenda sana. Wiki moja tu, lakini Beni pekee nimeuza mia tatu."

"Ulichapisha ngapi?"

"Elfu mbili na mia ine. Hapana mingi. Uliniambia inapashwa kuwa kidogo."

"Na namba? Juu ya nini uliacha namba?"

"Nilibaambia batengeneze sawasawa, bila kukosa kitu. Hata ile alama ya kutu balitaka kuitoa, nikakatala. Nikasema hapana, ile ni ya shemeji."

Hoteli aliyofikia Maître Eliezer ilikuwa na namba saba mapokezi. Ilikuwa imetundikwa kichwa chini. Maître, mtu mfupi mwenye miwani mbili, moja usoni na nyingine kwenye mnyororo kifuani, alikuwa amekaa chini yake akiisubiri ile ya Ananie. Alisikiliza maelezo yote bila kumkatiza, ustadi unaolipiwa kwa saa huko Kinshasa. Kisha akasema, kwa Kifaransa, kwamba asili hubaki asili hata kama kuna milioni za bandia. Kwamba yeye binafsi haoni tatizo. Na kwamba ingefaa tu msanii mwenyewe aithibitishe. Ananie alimwona kuwa mtu wa kwanza mwenye elimu kukanyaga Beni.

Wakapanda pikipiki mbili. Katungu Ornella walimkuta katika karakana yake akichapa fulana sitini za kilio, sura ya mama mmoja mwenye kilemba, na chini yake tarehe mbili. Alifuta mikono, akasikiliza, akasema watoe kioo. Akaipeleka karatasi mlangoni penye mwanga. Hakuitazama sana. Alipitisha kidole gumba juu ya doa jeusi, pole pole, mpaka kwenye ukingo wake, kama mtu anayetafuta mwanzo wa utepe wa gundi.

"Serigrafi, rangi inakalaka juu," alisema. "Ukipitisha kidole unasikia mahali inaanzia. Na penseli inachimbaka kidogo. Hapa kote iko laini." Akamrudishia. "Papa, hii haiko yangu."

"Angalia tena, mama."

"Nimeangalia."

"Hii ndiyo ilikwenda. Hii ndiyo ilirudi."

"Ilirudi kadri, Papa."

Sadrack alipopigiwa simu hakuficha kitu, maana hakuona cha kuficha. Kwa fundi wa kioo kule Guangzhou, karatasi zote zilikuwa juu ya meza moja. Zilikuwa sawa kabisa. Ndiyo ilikuwa sifa ya kazi. Fundi alichukua moja, akaitia katika kadri nzuri. Ile ya kwanza itakuwa imeingia pamoja na zingine. Au imebaki kiwandani. Au ilichanika. "Lakini shemeji," alisema, "kama hatuwezi kuijua, inapunguza nini?"

Ananie alimgeukia Katungu, akamwuliza kama angeweza kuchapa moja nyingine, moja tu, aiandike saba. Katungu alisema kile kitambaa cha hariri alikiosha siku ile ile ya kuchapa, picha ikatoka, kwa sababu kulikuwa na fulana za kilio. Naye Ananie, ambaye kwa miaka saba alikuwa ameisifu hekima yake ya kutochapa zaidi, akasema anamwelewa, kwamba uchache ndio sanaa yenyewe, kwamba thelathini ni thelathini.

"Ilikuwa kartasi," alisema Katungu. "Ya musaada. Ilifika thelathini, ikaisha."

Akarudi kwenye fulana zake. Maître Eliezer aliwahi ndege ya asubuhi. Kabla ya kuondoka alimpa Ananie mkono na kumwambia courage, yaani jipe moyo, neno ambalo hutolewa bure.

Ananie hakumpigia Bénite siku hiyo. Alimwambia siku ya tatu, na alimwambia jikoni, akiwa amempa mgongo. Bénite aliuliza swali moja tu, kama pesa hazipo kabisa au zimechelewa. Aliposikia, aliendelea kuchambua maharagi.

Tangu hapo Ananie alianza kutembelea watu. Alikuwa na jirani ambaye hakuwahi kuingia nyumbani kwake kwa miaka tisa. Sasa aliingia, akauliza hali ya watoto kwa majina, akakubali chai, kisha akaomba wamruhusu atoe ile picha ukutani kidogo, afungue kadri kwa bisibisi yake. Alipitisha kidole gumba juu ya doa jeusi. Akaishukuru familia, akaandika katika daftari, akaondoka. Alipita saluni za nywele, chumba cha kungojea cha zahanati, ofisi za shule tatu. Aliingia nyumba za wale wale waliouliza pafu ni la nani. Walikuwa wameinunua, kwa kuwa ilikuwa rahisi, na wengi walikuwa wanaipenda. Mmoja alimweleza kwa dakika ishirini maana ya ule mstari mwekundu. Ananie alilazimika kusikiliza, maana kadri ilikuwa bado mikononi mwa mwenyewe. Mji ukamwita Papa Kidole. Kufikia mwezi wa kumi alikuwa amegusa mia nne na kumi na mbili, zote laini.

Wakati huo Sadrack alikuwa ameshamaliza mzigo wote, na ameagiza Utulivu mwingine, wa rangi ya bluu, kwa matakwa ya wateja. Asubuhi moja lori lake la Fuso, likiwa limejaa matofali, lilirudi nyuma mpaka uani kwa dada yake.

"Yaya, mwambie fundi akuje na kamba," alimwambia Bénite. "Hii ni yako. Picha ilitoka ku nyumba yako."

Ananie alitoka na daftari mkononi. Alisema hatalala katika nyumba ya makufuli.

"Basi wee ulale huku na namba saba," alisema Bénite, "ukiipata." Akaanza kuwaonyesha vijana mahali pa kushushia.

Nyumba ilikwisha kabla ya Pasaka. Ina vyumba vinne na milango ya kijani. Bénite alihamia Jumamosi. Ananie alihamia Jumanne, mvua ilipozidi. Matofali yalikuwa elfu nane na mia mbili, yote ya kalibu moja.